Wingu Chumbani kwa Fundi

Fundi wa mapazia alikuwa akipinda upindo wa pazia la kumi, pini tatu mdomoni, wingu lilipoingia dirishani. Lilipita juu ya cherehani, likatulia kati ya kabati na kitanda. Akasogeza kiti kulipisha, akaendelea kushona, maana kazi ilitakiwa Jumamosi.

Mapazia yalikuwa ya hema takatifu ambalo kamati ya waumini ililijenga kiwanjani, kipimo kwa kipimo kama kitabu kilivyoagiza. Kitabu kilisema dhiraa, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kamati ikaamua mkono wa kupimia uwe wa mwenyekiti, kwa heshima, ingawa ncha ya kidole hicho ilibaki zamani kwenye mlango wa gari. Fundi aliwaambia mapema yatatoka mafupi. Wakamwambia ashone. Tisa yalishatundikwa, yakining'inia juu ya ardhi kama suruali ya mtoto aliyerefuka, na wingu waliloliimbia wiki nzima kule kiwanjani likawa limekuja huku.

Habari haikukawia. Jioni ile ile shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na katibu wa kamati, alifika na daftari, mwenyekiti nyuma yake. Walivua viatu mlangoni. Shemeji hakuwahi kuvua viatu katika chumba kile, na fundi alipoviona akaacha kushona. Chumba hicho mumewe alikijenga kwa mikono yake, naye hakuwa na pengine pa kwenda.

Sauti ikatoka winguni, ya kawaida tu, kama ya mtu aliyekaa.

"Mapazia ya kitani, kumi. Urefu wa kila moja, dhiraa ishirini na nane."

Shemeji akaandika.

"Vitanzi hamsini, vya buluu."

Akaandika.

"Mjane msimwonee."

Kalamu ikasimama. "Hiyo niandike, mzee?"

"Si kipimo hicho," alisema mwenyekiti. "Subiri kinachofuata."

Sauti ikarudia maneno yale yale mara tatu. Shemeji akageuza ukurasa, akasubiri.

Halafu akamgeukia fundi. "Shemeji, unaona mwenyewe. Hapa pameshakuwa patakatifu. Mtu hawezi kulala hapa na masufuria yake."

"Amekuja kwangu."

"Ndiyo maana inabidi uhame."

"Si umemsikia alivyosema?"

"Nimemsikia, shemeji. Cherehani nitakubebea mimi."

Akaibeba kweli, hadi chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, na njiani alipumzika mara mbili. Fundi alilia hadi macho yakavimba. Kesho yake akapata habari kwamba wingu limeondoka kule. Chumba kilikuwa kimepakwa mafuta na kutiwa kufuli, na ndani hakukuwa na kitu.

Tangu hapo hakusali. Alifunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akashona huku jicho moja liko ukutani. Siku tatu zikapita salama.

Asubuhi ya nne wingu lilipenya kwenye tundu la ufunguo, polepole, likatulia kati ya cherehani na godoro.

"Mjane msimwonee," lilisema.

"Waambie wao," alijibu fundi. Akatema pini kiganjani, akaanza kukunja shuka. Nje ya mlango watu walikuwa wakivua viatu.