Mgongo wa Mwalimu

Cheti ninacho. Miaka ya kukimbilia ajali kwa gari la wagonjwa ninayo. Hata kozi ya ualimu ambayo chuo kiliing'ang'ania nimeimaliza. Ng'ombe nilishammaliza, ulibaki mkia: kufundisha somo moja la huduma ya kwanza mbele ya wanafunzi na mkuu wa chuo, kisha nipewe kazi.

Nikapiga magoti kando ya sanamu ya mazoezi, nikaanza kuibonyeza kifua huku nikieleza.

"Mwalimu," mkuu akanikatiza, "wanafunzi wanaona mgongo wako tu. Geuka."

Nikageuka. Haukupita muda, akasema, "Dada yangu, umewapa mgongo tena!"

Damu ikanichemka. Mgongo huo ndio kazi yenyewe! Barabarani, majumbani, kila mara kuna mama amesimama nyuma yangu, nami namkinga asiuone uso wa mwanawe.

Nikahamia upande wa pili kwa hasira. Nilipoinua macho, wanafunzi wote walikuwa wamenikodolea macho kama wale akina mama, wakisubiri sanamu ifufuke. Nyuso hizo ndizo nilizozikimbia miaka yote. Mikono ikagoma.

"Endelea," mkuu akasema kwa upole. "Hiyo ni sanamu tu."

"Hiyo, ndiyo," nikamjibu. "Hawa wanaonitazama si sanamu."