Saa Tatu za Mpima Viwanja

Kwa miaka kumi na sita alikuwa akipima viwanja vya watu, na hilo lilimpa kichwa kikubwa kuliko kofia zake. Kwa hiyo mkewe alipojifungua ng'ambo alikokuwa akisoma, na ikakatwa shauri kwamba yeye na mama mkwe wapande ndege wakamwone mtoto, hesabu ya safari aliichukua yeye. Alitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akaweka rula, akapata kilomita elfu tisa na mia nne. Akatazama tiketi: kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa sita mchana siku hiyo hiyo. Akatoa tatu kwenye sita.

"Saa tatu tu, mama," alimwambia mkwewe. "Huna haja ya kuogopa."

Mama mkwe alimtazama kidogo, akasema sawa.

Ukweli ni kwamba mwoga alikuwa yeye. Hata kubadilisha taa ya sebuleni alipanda kiti huku ameshikwa miguu. Mara mbili alikuwa ameahirisha safari hiyo, mara ya pili kwa kusingizia jino. Saa tatu alijua atazimudu. Angezigawanya zile kilomita kwa saa zake angegundua kwamba anampandisha mkwewe kwenye risasi, lakini fundi wa vipimo hakugawanya.

Angani alishika mikono ya kiti kwa nguvu na kumweleza mama mkwe kila mlio, ingawa hakuujua hata mmoja. Saa tatu zilipotimia akafunga vifungo vya koti, akamwambia ajiandae kushuka. Mhudumu alikuwa ndiyo kwanza anagawa chakula. Mpima viwanja akamuuliza kwa ukali mbona hawashuki, na mhudumu akamweleza kwa upole kwamba kila mji una saa yake, na tiketi imeandika saa ya mji wa kuondokea na saa ya mji wa kufikia. Zilikuwa zimebaki saa nane.

Akasimama, ingawa hakujua aende wapi.

"Mama, nimekosea hesabu," alisema. "Bado saa nane. Nisamehe."

"Najua," alisema mama mkwe, akifunua sahani yake. "Mkeo aliniambia tangu mwanzo kwamba ni saa kumi na moja. Akasema nikikusahihisha tu, hupandi, na mtoto ataanza kutembea hujamwona."

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Kumbe alivyokuwa akimbembeleza mkwewe kama mtoto, ni yeye aliyekuwa akibembelezwa.

"Na wewe huogopi, mama?"

"Naogopa sana. Nimeogopa tangu walipofunga mlango. Kaa basi, unishike mkono, na usinieleze kitu."

Akakaa, akampa mkono, na kwa saa nane hakuna aliyeuachia mkono wa mwenzake.