Machozi Bila Kitunguu

"Hivi Mama Talha, ule usinga wa kwenye picha uliuacha hukohuko, au ulirudi nao nyumbani?"

Mama Benson aliuliza hivyo miaka miwili iliyopita, wiki aliyohamia Chamazi na kumtambua jirani yake. Bi Mwamvita, ndiye huyo Mama Talha, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwambia usinga ulikuwa wa kuazima, na ulirudi kwa mwenyewe na nywele zake zote.

Leo swali lile lilimrudia akiwa amepiga magoti, akikamua kitambaa cha maji ya moto cha kumkandia Recho, mkwe wa Mama Benson. Lilimrudia kwa sababu alipobisha hodi, televisheni ilizimwa. Recho alimkaribisha bila kutanguliza shikamoo. Na Mama Benson, ambaye kila asubuhi humpa chai ya tangawizi kisha akaenda zake gengeni, leo alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, kampakata mtoto wa siku nane, kamfunika mpaka kichwani. Chai haikuonekana.

Bi Mwamvita alikandamiza kitambaa kiunoni. Mgongo wa Recho ulikuwa mgumu, kama wa mtu anayengoja sindano.

"Legeza, mwanangu."

Haukulegea.

Miaka kumi Bi Mwamvita aliigiza mama mkwe mchawi. Hakuchagua. Mwongozaji mmoja wa Kinondoni alimtazama mashavu yaliyobonyea na yale macho yake makubwa, akasema huyu hana haja ya kupakwa kitu. Picha ziliuzwa kwenye CD, mpaka CD zenyewe zikakosa pa kuchezea, na kila mmoja akashika njia yake. Raudha, aliyekuwa mkwe wake kwenye picha, alipanda kwenye tamthilia. Sasa uso wake uko kwenye bango la sabuni pale kituoni Rangitatu. Albano, aliyekuwa mwanawe, anasherehesha harusi Kigamboni. Bi Mwamvita alirudi kwenye kazi ya marehemu mama yake: kukanda wazazi na kuogesha vichanga mpaka arobaini itimie.

Kwa kitu kimoja wenzake walimvulia kofia. Raudha alilia kwa kitunguu kilichofichwa kwenye leso. Yeye hakuhitaji. Mwongozaji akihesabu tatu, chozi linashuka, tena kwa jicho analotakiwa.

"Kile kiberiti hakipo," alisema Mama Benson.

Jana kitovu cha mtoto kilipodondoka, Bi Mwamvita alikizungushia pamba, akakitia kwenye kiberiti kitupu, akakiweka juu ya kabati mbele ya macho yao. Benson, baba wa mtoto, angekipeleka Tukuyu kikazikwe kwenye mgomba wa babu yake, kama kilivyozikwa cha kwake.

"Nilikiweka pale, Mama Benson. Uliniona."

"Nilikuona. Na jana mchana tukakuona tena." Alielekeza kidevu kwenye televisheni.

Bi Mwamvita akaelewa. Kuna stesheni inayorudia picha za zamani, na mzazi aliyefungiwa ndani siku arobaini ataangalia nini kingine? Anaijua picha yenyewe. Humo anaiba kitovu cha mjukuu, anakifunga kwenye pindo la kanga, na mtoto anaanza kusinyaa.

"Kile kilikuwa kipande cha tangawizi," alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Basi fungua mkoba," alisema Mama Benson.

Mtaani kulikuwa na wajawazito watatu waliokwisha kumwambia waziwazi kwamba watamhitaji. Nyumba moja ikimfungia mlango kwa jambo kama hili, hata kule Mbande hakuna atakayemwachia kichanga. Macho yakaanza kujaa, na Mama Benson akayaona yanavyojaa.

"Usinilie hapa, Mama Talha. Hayo tumeshayaona."

Bi Mwamvita aliyazuia machozi. Hata siku ya kumzika mume wake, kuna mwanamke alinong'ona nyuma yake, anajua kulia huyu. Tangu siku ile huwa analia na Mungu wake tu, mlango ukiwa umefungwa.

Akafungua mkoba. Chupa ya mafuta ya nazi. Chumvi ya mawe. Tasbihi. Kanga mbili za kumfungia Recho tumbo. Mama Benson alimlaza mtoto kitandani, akazikung'uta kanga, akapapasa kila pindo, yote manane.

"Na hiyo uliyojifunga?"

Bi Mwamvita alijifungua kanga kiunoni, akampa. Akabaki amesimama na gauni katikati ya chumba cha watu, mikono imeloa, hana pa kuiweka.

"Mama," Recho aliita kwa sauti ndogo. Aliingiza mkono ndani ya foronya, akatoa kiberiti. "Nilikificha mie. Baada ya ile picha. Niliogopa asije akakirudia."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Ungemkataza asije. Na mgongo unaniuma." Recho aliinamisha kichwa. "Nikasema amalize arobaini kwanza."

Mama Benson alikifungua kiberiti, akachungulia, akakifunga. Akarudisha ile kanga taratibu, akasema kwamba bibi yeyote angeuliza, hata yeye Mama Talha angeuliza, halafu akatoka haraka kwenda kubandika chai.

Mzazi haachwi amekandwa upande mmoja. Bi Mwamvita alipiga magoti tena, akamaliza upande wa pili, akamfunga tumbo akakaza. Akachanganya maji ya mtoto, akayapima kwa kiwiko, akaongeza ya baridi, akapima tena. Akamwogesha, akamkausha kila mkunjo wa shingo, akamlaza kifuani mwa mama yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Recho. "Kesho utakuja saa ngapi?"

Mama Benson alikuwa amerudi na kikombe, mvuke wa tangawizi ukimpanda usoni. Aliona chozi limeshuka kwa Bi Mwamvita, jicho la kushoto peke yake, akalikodolea macho bila kusogea.

Bi Mwamvita hakulifuta. Alijifunga kanga yake, akapitisha mkoba begani, akatafuta kandambili zake mlangoni kwa vidole vya miguu, akatoka.