Gambuti Arobaini na Moja

Yule mtaalamu wa kufufua miji alikuja siku ya soko, akaketi kwenye hoteli iliyo mkabala na kibanda chetu, akahesabu gambuti. Jina lake Maxine, kutoka Nairobi. Aliagiza chai tatu na chapati moja, na kila tulipoinua macho alikuwa anaandika.

"Muchangi, yule msichana amekupenda," shangazi yangu, Tata Rwamba, akaniambia.

Nikanyoosha kola. Mwezi uliofuata ripoti ikatoka, nikajua alichopenda.

"Kibanda cha kona," ilisema. "Viatu vichakavu, jozi arobaini na moja. Mauzo: hakuna. Kiondolewe."

Mtu yeyote wa Runyenjes angemweleza. Tata hauzi viatu. Wakulima wanashuka na boda boda kutoka kwenye chai na kahawa, matope mekundu mpaka magotini. Wakifika kona yetu, pale barabara ya udongo inapokutana na lami, wanavua gambuti na kuvaa viatu vya mjini walivyobeba kwenye mfuko. Hapo ndipo wanaingia benki, duka la dawa, ofisi ya chifu. Huwezi kwenda kuomba basari ya mtoto ukiwa na matope. Ni heshima. Wakiwa huko, mimi na Tata tunaosha gambuti, na zilizotoboka tunaziba kwa gundi na kipande cha tyubu. Hakuna tikiti. Tata anazijua zote. Ya Ndwiga imelika upande wa nje, kwa sababu Ndwiga hutembea kama bata.

Sasa Maxine alifika saa nne, wenye gambuti wameshaingia mjini. Akaondoka saa tisa, hawajarudi. Aliona viatu vikikaa bila mnunuzi, akatuhurumia.

Kamati ya Mji Mpya ikaita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyaga, mwenye duka la vitambaa lenye vigae vyeupe. Wakatuonyesha picha kubwa ukutani: njia ya matofali ya kabro, taa, viti vya kupumzikia, na mahali pa kibanda chetu chungu cha maua kikubwa kama tangi. Kila mtu kwenye picha alivaa raba nyeupe. Mmoja alikuwa anatembeza mbwa kwa kamba. Runyenjes! Mbwa wetu hutembea wenyewe na njia wanaijua.

Nikainua mkono. "Mwenyekiti, huyo mbwa ni wa nani?"

Ukumbi ukacheka. "Kaa chini," Nyaga akasema. "Huo mdomo ndio umekufikisha kwa gambuti."

"Na wateja wako, mzee, wanafika kwako wakiwa safi kwa nini?"

"Kwa sababu duka langu ni safi!"

Tata akasimama. Kona ile imemsomeshea watoto wawili, na mimi mpwa wake mwenye mdomo. "Hilo soko jipya mnalotupeleka liko wapi?"

"Karibu na kichinjio, Mama Rwamba. Kilomita moja tu."

"Nani atashuka kilomita moja kuvua gambuti, halafu aipande tena?"

"Watazoea."

"Haya." Tata akajifunga leso upya. "Alhamisi ya kuzindua, siku ya soko, hamtanikuta. Lakini huko kwa kichinjio siendi. Nitakaa kwangu, na nyinyi mtakuja kuniita."

Njiani nikamuuliza, "Na wasipokuita?"

Hakucheka. "Basi tumekwisha, mimi na wewe. Alhamisi utasimama pale kona. Usimzuie mtu, usimtume mtu. Ukiulizwa, sema ukweli tu."

Kabro ikawekwa, kibanda kikang'olewa, na Jumatano ya kuamkia uzinduzi mvua ikanyesha kama mwanachama wa upande wetu.

Alhamisi Ndwiga alifika wa kwanza. Akatazama chungu cha maua. "Kibanda kiko wapi?"

"Kimefufuliwa."

"Na gambuti niweke wapi?"

"Wanasema soko jipya, kilomita moja."

"Mimi natakiwa benki saa tatu!"

"Basi, mzee, utaamua mwenyewe."

Akaamua. Akapita juu ya kabro mpya na hatua zake za bata, na kila hatua ikaacha ugali mwekundu. Nyuma yake Mama Marcella, kikapu mgongoni. Nyuma yake wengine. Mimi pia najua kuhesabu. Walipofika arobaini na moja nikaacha, lakini wao hawakuacha.

Saa tano Nyaga alikuwa mlangoni kwake ameshika mopu kama mkuki. "Muchangi! Waambie watoke!"

"Si ni wateja wako, mzee?"

Maxine akaja mbio, ameteleza mara moja tayari. Raba zake zilikuwa nyeupe, kama za kwenye picha. Zilikuwa. "Hawa watu wote wametoka wapi?"

"Ni wale ambao hawakununua, madam."

Akafungua tableti yake, akasoma, akatazama miguu iliyokuwa inapita. "Zile gambuti... zilikuwa zao?"

"Wenyewe walikuwa ndani ya maduka. Wakinunua."

Nyaga akapiga simu mwenyewe, nilimsikia akibembeleza. Tata alishuka kwa boda boda saa sita, hana haraka, na kigoda chake mkononi. Akaketi mbele ya maua.

"Mama Rwamba, tusaidie leo tu," Nyaga akasema. "Mgeni wa heshima anafika saa nane."

"Leo tu siijui. Najua kila siku ya soko." Akamgeukia Maxine. "Vua, mwanangu. Huwezi kumpokea mgeni hivyo."

Maxine akavua. Tata akampa sapatu, moja nyekundu, moja ya buluu, akaziosha raba na kuzitundika juu ya maua.

"Asante, mama. Nizifuate saa ngapi?"

"Siku nitakayoona kibanda changu kwenye ile picha. Na mfereji wa maji ya kuoshea hapa kando."

"Huwezi kushika viatu vya mtaalamu!" Nyaga akafoka.

"Nimeshika."

Maxine akatazama sapatu zake. Akatazama foleni iliyokuwa imeanza kujipanga nyuma ya kigoda, Ndwiga mbele. Akaketi ukingoni mwa chungu, akafungua ile picha, akatoa kalamu ya tableti.

Tata akainama kumwangalia akichora. "Sogeza maua kidogo," akamwelekeza. "Hapo. Na huyo mbwa mtoe."