Mafuta Yasiyo na Chumvi

Kila Jumamosi Kasoki alichemsha mafuta ya kondoo jikoni kwake ugenini, karibu na Cabramatta, akayachuja kwa kitambaa na kuyahifadhi koponi. Mwaka 2006, askari mmoja aliyekufa zamani za ukoloni alianza kubisha mlango wa nyuma kila magharibi. Alivua kofia, akaomba mafuta kidogo. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumwona huyu, lakini akapewa.

Askari aliketi kwenye ngazi, akayachanganya mafuta na nta ya nyuki. Alishindilia baruti na risasi kwenye matundu ya bastola yake ya kizamani, kisha akapaka juu ya kila risasi, mtutu upate kulainika na cheche zisirukie tundu la pili. Halafu akashuka kijitoni nyuma ya nyumba, akawapiga risasi wenyeji wa nchi hii waliokuja kuteka maji. Kila jioni walikufa hao hao. Majirani waliongeza sauti ya televisheni.

"Usimnyime," alisema Gratien, mumewe, aliyewakimbia askari wengine kule Beni. "Ukimnyima ataingia ndani."

Kasoki hakubishana naye. Ila kati ya wale watu palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na huyo alimtia uchungu kuliko wote. Akaanza kutia chumvi kwenye mafuta, kimyakimya. Chumvi ikala chuma. Bastola ikawa inakwama, na yule mama kila jioni akafika mbele kidogo: akavuka maji, akapanda ukingo. Jumatano aliishika fensi yao.

"Mama, mafuta haya yana chumvi," askari alilalamika kwa adabu.

"Ndivyo tunavyopika kwetu, papa. Vumilia tu."

Alhamisi Kasoki alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Aliporudi, Gratien alikuwa anaosha vyombo.

"Mgeni wako alikuja. Masikini, bastola yote kutu! Nikamsaidia kuisugua, nikamyeyushia mafuta mapya, yasiyo na chumvi. Ameahidi hataingia ndani."

Kasoki alitoka nje. Yule mama alikuwa amelala chini ya fensi, vidole bado kwenye waya. Kasoki alimfungua mtoto mgongoni, hakuwa anapumua. Akalia kwa sauti. Gratien akamletea sweta asipate baridi.

Kesho yake jioni yule mama alitokea tena mbali kabisa, ng'ambo ya kijito, mtoto mgongoni. Alimtazama Kasoki pale dirishani, akamtambua, akaanza kuja mbio.

Mlango wa nyuma ukabishwa. Gratien alikuwa ameshashika kopo.