Marehemu Wangu wa Jumamosi

Ifahamike kwa wote, wa karibu na wa mbali, kwamba mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye huruma isiyopimika, nilijitolea kwa hiari kuwafariji watoto waliofiwa. Hiari yenyewe ilikuwa ya mwalimu mkuu. Nilikuwa nimebandika tangazo la likizo lenye muhuri niliouchonga kwenye kiazi, na nusu ya bweni wakafunga masanduku.

Kikundi kilikutana kila Jumamosi katika chumba chenye zulia la kijani na mito ya kukalia. Kiliongozwa na muuguzi mstaafu, na utaratibu wake ulikuwa mmoja: msaidizi huanza. Unamtaja marehemu wako na kitu alichopenda, ndipo watoto wafuate. Mimi sikuwa na marehemu. Hata babu zangu wote wawili walikuwa wazima kama chuma. Macho kumi na manne yakanikodolea. Nikaona haya kukaa pale mikono mitupu.

"Kaka yangu," nikasema. "Alipenda kupiga mluzi."

Sisimizi, binti wa miaka sita aliyeitwa hivyo kwa udogo wake, hakuwa amefungua kinywa pale tangu mama yake azikwe. Akanisogelea.

"Mluzi gani, dada?"

Nikampigia. Muuguzi akageukia ukutani kufuta machozi. Sasa ningerudi vipi nyuma? Kila Jumamosi nikamwongezea kaka nyama: kovu kidevuni, woga wa paka. Sisimizi akaanza kumtuma. "Mwambie amwambie mama nimeng'oka jino." Akaanza kucheka, hata kugombania penseli. Nami nikaanza kusikia mluzi mahali pasipo na mtu: bafuni, nyuma ya kabati la vitabu. Mara mbili nilijikuta nimesogea kwenye benchi ili mtu apate kukaa.

Siku ya familia, mama yangu alikuja. Sisimizi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Pole kwa mwanao."

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu yupi tena?"

"Wa mluzi. Anayekaa na mama yangu."

Mama akanigeukia. Hakuuliza, ananijua. Muuguzi akaweka chini trei ya vikombe, polepole mno.

"Mwambie mwenyewe," mama akasema.

Nikapiga magoti ili tulingane. "Sisimizi, sina kaka. Sijawahi kuwa naye. Nilimtunga."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

Nilitamani alie, au anizabe kofi. Akauachia mkono wa mama yangu.

"Sasa huko mama yuko na nani?"

Sijawahi kukosa jibu. Muulize mwalimu yeyote. Hata pale lilikuwapo, zuri, lenye joto, limeshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, mdogo wangu," nikasema.