Moshi Ndani ya Chupa

Isnino alipiga deki sakafu ileile kwa mara nyingine, macho yakiwa kwenye sanduku la barafu mezani. Hakaliki, hasimamiki. Mle ndani mlikuwa na damu ya mdogo wake, Qali, na nje gari la kuipeleka Nairobi lilikuwa limeshawashwa.

"Mama Isnino, utatoboa simiti," daktari alimtania. Kijana huyu alikuwa ametumwa hospitali ya Garissa kukusanya damu ya wagonjwa wa saratani ya koo, na Isnino ndiye aliyemwoshea chupa.

Alimjibu kwa tabasamu la meno tu.

Alikuwepo siku daktari alipomweleza Qali wanachokitafuta: vifuko vidogo mno ambavyo kila chembe ya mwili huviachia kwenye damu. Saratani nayo huachia vyake. Wengi waliviona takataka, ila yeye na wenzake wa ng'ambo walishuku kwamba vinabeba ujumbe, pengine wa kuwaamsha askari wa mwili, pengine wa kuwalaza. "Havitakuponya wewe," alisema bila kumficha. Qali, ambaye siku hizo hata maziwa ya ngamia hayakumpita kooni, alijibu kwamba koo ndilo lililomuua mama yao, na yeye ana binti, Ayan. "Chukua. Labda Ayan atapona."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza Isnino. Jana aliiwazia barabara, mashimo na jua lile, akaona barafu itayeyuka tu. Mama yao aliwafundisha kwamba maziwa ya safari hayatiwi kwenye chombo kisichofukizwa. Yataharibika kabla ya kufika kisimani. Basi akaichukua chupa ya Qali, safi kabisa, akaenda nayo nyuma ya jiko, akaijaza moshi wa vijiti vinavyofuka, kisha akaifuta ndani kwa kitambaa. Alifanya hivyo kwa mapenzi yote.

Leo, damu ilipokwisha kutiwa, daktari alimwambia muuguzi: "Hata vumbi usiloliona litaonekana kama vifuko. Chupa moja ikichafuka, itatudanganya sote."

La kuvunda halina ubani. Akisema, damu itamwagwa, na mshipa wa Qali ulitafutwa asubuhi mpaka machozi yakamtoka. Akinyamaza, uongo utasafiri kwa jina la Qali, na Ayan ndiye atakayeulipia.

Dereva akapiga honi. Daktari akalinyanyua sanduku. Isnino akautupa mpini wa deki.

"Daktari, chuba ya Qali usibeleke!" Kwa haraka, lafudhi ya Kisomali ilimzidi.

"Kwa nini?"

"Mimi nilitia moshi. Kama fyombo ya maziwa. Nilitaka isiharibike njiani."

Daktari aliitoa chupa, akaitazama muda mrefu. Alikasirika, ilionekana shingoni, lakini sauti haikupanda. "Hii haifai tena. Nenda ukamuulize yeye kama atakubali kutolewa tena. Akikataa, simlaumu."

Isnino alimsikia akiimwaga nyuma yake. Aliona kama anamwagwa mwenyewe.

Wodini alipiga magoti, akaushika mkono wa Qali. Qali akavuta pumzi, akavinusa vidole vya dada yake.

"Abaayo, umefukiza nini?"

"Chupa yako. Damu imemwagwa, wanaomba nyingine."

Kicheko kilimtoka Qali, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. "Ungetia na sukari kabisa," alisema kwa sauti iliyokwaruza. Kisha akatazama dirisha, na Isnino hakujua jibu litakuwa lipi.

Qali akautoa mkono wa pili chini ya shuka. "Huu bado haujachomwa. Mwite."

Daktari alikuja na chupa mpya. Sindano iliingia, ikatolewa, ikaingia tena, mpaka damu ikaanza kushuka polepole kwenye kioo baridi kisichonukia nyumba ya mtu yeyote. Isnino aliificha mikono yake ndani ya mtandio, akaibana.

Nje, dereva akazima injini, akangoja.